Fagio Langu Mikononi mwa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Toleo jipya la Fagio, programu yangu, limetoka. Nimeandika mwenyewe, nimeliweka wazi mtandaoni, achukue atakaye – linafuta mafaili ya zamani ili seva isijae. Shukrani? Thubutu! Mmoja kauliza mbona halina rangi. Mwingine analalamika kitufe hakionekani. Hakuna kitufe, bwana! Soma maelezo! Watu wanapewa bure na bado wanataka kubembelezwa.

Jumatano, 5 Machi

Chakula kwa dada. Mumewe, mkuu wa kitengo cha kompyuta pale chuoni – tai shingoni hata mezani – kaniuliza kama bado natwanga maji kwenye kinu, yaani ile kazi yangu ya bure. Dada kacheka kwa adabu. Kisha mheshimiwa akatuhutubia kuhusu mfumo aliobuni yeye, unaosafisha seva za chuo kila saa. Nikauliza unaitwaje.

"Ufagio."

Nikameza bila kutafuna. Mtu hawezi kuwasha printa bila kuita fundi! Kachukua changu, kaongeza herufi moja, kawa mvumbuzi.

Ijumaa, 7 Machi

Kwenye jukwaa la Fagio, ujumbe wa mtu anayejiita Simba wa Seva: programu yenu mbovu inakula data zetu, jibuni haraka! Kabandika picha ya skrini. Kwenye kona, jina la chuo cha shemeji. Simba! Paka wa jikoni huyo.

Nikamwomba kistaarabu mistari ya mwanzo ya faili lake. Kaileta. Nimecheka mpaka machozi. Mistari minane ya juu haipo – ndiyo iliyokuwa na jina langu. Lakini wa nane ndio uliotaja umri wa mafaili na folda ya kufagia, na kukataza folda nyingine zote. Kafuta jina langu, kang'oa na breki. Sasa kila saa folda moja inakwenda na maji, na kulizima hajui.

Sikumjibu. Acha ajikune anapowashwa.

Jumamosi, 8 Machi

Dada kapiga simu. Mumewe hali wala halali. Matokeo ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho yanafutika, na nakala za akiba aliziweka kwenye seva ileile. Ileile! Jumatatu mkuu wa chuo anayataka. Nikasema mumeo ana mdomo, anipigie mwenyewe. Dada akasema, unamjua alivyo. Namjua sana.

Amri ya kulizima ni neno moja. Sikumpa dada. Roho inaniuma – si kwa ajili ya huyo mume, kwa ajili ya dada na wale watoto wa watu.

Jumapili, 9 Machi

Saa kumi kasorobo. Kapiga! Mwenyewe!

"Shemeji, wewe si unaelewaelewa haya mambo kidogo?"

Kidogo! Nyuma yake namsikia dada: mwambie ukweli, mwambie. Imebaki folda moja ya matokeo, shemeji anasema, na saa kumi kamili itapitiwa.

Nikamwuliza kitu kimoja tu. Programu hiyo kaandika nani?

 

"Mimi, shemeji. Niliandika mwenyewe."

Haya. Simu nimeilaza mezani, sijakata. Anaita: halo? Shemeji? Upo?

Nipo. Naandika shajara.