Kikamba Chako, Ubah

Nunguni, Makueni
9 Agosti 1992

Kwa Ubah,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Muktar na watoto, na kwamba joto la Garissa halijawashinda. Sisi hatujambo. Mume wangu Nzomo anakohoa kidogo kwa sababu ya ukungu, lakini shamba linamtoa kitandani kila asubuhi. Nyanya Kalondu nilimtoa Kanyangi baada ya matanga ya mama. Sasa anakaa na sisi, na anaulizia habari zako kuliko anavyouliza zangu.

Uliondoka bila kuniaga vizuri, na najua ni kwa sababu yangu.

Mama alipotumwa nje na gazeti lake mwaka wa 1966, mwanamke wa kwanza pale kutumwa hivyo, mimi nilikuwa na miaka sita. Niliachwa Kanyangi kwa nyanya. Wenzangu walikuwa na mama wa kuwapikia na kuwachapa. Mimi nilikuwa na mama wa kutunga. Alipokuwa Khartoum nilimweka kwenye hoteli yenye zulia jekundu. Addis Ababa nikamvika koti refu, anapita katikati ya wanajeshi nao wanampisha. Mogadishu, alikokaa miaka mingi, nikampa dirisha linalotazama bahari, taipureta mbele yake na picha yangu kando. Nilisimulia hayo shuleni mpaka nikayaamini. Hata siku ya mazishi niliyasema mbele ya kanisa zima, na watu wakaitikia kwa vichwa.

Kisha Mchungaji Jonah akakuomba uwasalimie waombolezaji. Ukasimama na shela yako, ukafungua kinywa, kikatoka Kikamba. Si Kikamba cha kuokota sokoni. Kilikuwa Kikamba cha Kanyangi, cha zamani, chenye maneno ambayo mimi mwenyewe nimeyasahau, na sauti ilikuwa ya mama. Ulisema mama yako mzazi, Maano, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba aliyopanga mama, na Maano alipofariki, mama akakuchukua ukiwa mdogo. Mlikaa nyuma ya karakana ya malori. Chapati zake ziliungua kila mara. Aliwahi kuwekwa ndani kwa kuandika habari za njaa ambayo wakubwa walisema haipo, akatoka, akaandika tena. Na kila Ijumaa alikupakata, akakukata kucha huku akikuimbia.

Kule kufungwa kwake kulinitia fahari. Kucha ndizo zilizoniuma. Mtu mzima, mwalimu mwenye watoto, nilikaa kando ya jeneza la mama yangu nikavionea wivu vidole vya mtu mwingine. Nikaona hata unavyolia umenizidi. Ndiyo maana kila uliponisemesha Kikamba nilikujibu kwa Kiswahili, kama mtu anayefunga mlango polepole ili asionekane ameubamiza.

Wiki iliyopita tulikuwa tukichambua maharagwe, nyanya na mimi, nikawa nalalamika. Nikamwambia mama alijipatia mtoto wa kupenda, mimi akanitupa. Nyanya akaacha kuchambua.

“Hakukutupa,” akasema. “Alikuja kukuchukua mara mbili. Nilimwambia umekataa.”

Nikamuuliza nilikataa lini.

“Hukuulizwa.”

Alisema alikuwa amempoteza binti mmoja kwa miji ya watu na hakutaka kumpoteza wa pili. Mara zote mbili aliposikia mama anakuja, alinituma Matiliku kwa shangazi.

Ubah, mama aliporudi Kenya alikuwa akija hapa kututembelea. Tulikunywa chai kama wageni wawili waliokutana nyumbani kwa mtu. Hakuniuliza kwa nini nilimkataa, nami sikumuuliza kwa nini aliniacha. Kila mmoja wetu alikuwa na adabu. Tumemzika na adabu hiyo.

Sikumgombeza nyanya. Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Niliporudi alikuwa bado na ungo mapajani, macho hayaoni vizuri, anatupa maharagwe mazuri na kubakiza mabovu. Nikakaa nikamsaidia.

Sikuandikii ili kukuambia wivu umekwisha. Haujakwisha. Nilipodhani sikuwekewa nafasi niliumia. Leo, nikijua niliwekewa, na wewe ndiye uliyeikalia, naumia zaidi. Wewe huna kosa, hilo nalijua, wala halinisaidii.

Lakini fundi Kilonzo anachonga jiwe la kaburi. Aliponiuliza mwaitu, mama yetu, ameacha watoto wangapi, nilimjibu mmoja. Jana nilikwenda hadi Kanyangi nikamzuia patasi mkononi, nikamwambia ni wawili. Niandikie jina la baba yako, nisije nikakukosea kwenye jiwe. Tutaliweka Desemba shule zikifungwa, na nataka uwepo, uje na watoto.

Jina langu litatangulia. Mimi ndiye mkubwa.

Nzomo anakusalimu, na nyanya anasema ule vizuri, umekonda. Msalimie Muktar na uwabusu watoto kwa niaba yangu.

Dada yako,
Muthoki wa Syombua