Nimemsugua mgongo bibi wa Kijapani

Japani, Jumatano, Novemba 2019

Nimechoka mpaka likizo yenyewe naiona kazi. Mume wangu anaapa chemchemi ya moto ya nyumba hii ya wageni itanitoa uchovu wa kazi yangu kule Garland, Texas, ya kuogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu mbili mfululizo. Jumatatu narudi kulekule.

Hapa wanawake hujisugua kwanza pamoja, uchi, kwenye vigoda, ndipo waingie majini. Bibi wa kando yangu mkono haukumfika mgongoni. Bila kufikiri nikachukua kitambaa chake nikaanza kumsugua. "Inua mkono kidogo, mama." Kwa Kiswahili! Nikaona aibu…

Bibi akacheka, akanigeuza, akaanza kunisugua mgongo taratibu. Tangu utotoni hakuna aliyeniogesha.

Niliinua mkono kabla hajaniambia.