Meli ya Nyuma

Kaka Malimi,

Mwadila. Huku ni mchana, huko uliko sijui ni saa ngapi, basi nakusalimia ya mchana. Sisi wazima. Mayu mzima. Baba mguu unamsumbua lakini anatembea. Yule ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyopinda kazaa, ndama jike. Nimeanza na haya kwa sababu wewe ukirudi nyumbani ulikuwa unauliza haya kwanza, hata mzigo hujashusha begani.

Unajua mimi si mtu wa kuandika. Shule niliacha la nne, na kuongea kwenyewe siongei. Wewe ndiye uliyenipa jina la Bubu, na wavuvi wote wa mwalo wa Kalemela wakalidaka. Lakini ulikuwa unanijibia. Mtu akiniuliza kitu, unadakia, "Huyu anasema ndiyo," na mimi sijafungua hata mdomo. Mara nyingi kweli nilikuwa nataka kusema ndiyo. Sasa wa kunijibia hayupo, na kuna mambo nataka uyajue, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Mtumbwi wetu upo. Nikikukumbuka nakukumbuka ukiwa umenipa mgongo, maana wewe ulikaa mbele na mimi nyuma, na mgongo wako nimeutazama kuliko uso wako. Kovu la mwiba wa sato chini ya bega. Ukitaka tukate kushoto lile bega lilikuwa linapanda kidogo kabla hujasema neno, na mimi nimeshageuza kasia.

"Bubu, umelala?"

"Sijalala."

"Basi vuta, mdogo wangu, yule kiboko anatutazama kama tunamdai."

Uliondoka kwa lori la pamba kutoka Bariadi, umekaa juu ya marobota. Ilikuwa miaka ile mambo yameanza kufunguliwa, maduka yaliyokuwa na rafu tupu na chumvi ya mawe yakaanza kuwa na sabuni, na watu wakawa wanasema bandarini Dar es Salaam vijana wenye nguvu wanatafutwa. Ulibeba magunia huko, halafu tukasikia umeingia melini. Mayu aliuliza meli ni nini hasa. Baba akamwambia ni mtumbwi wa chuma. Mayu akasema chuma hakielei, mnanidanganya.

Tangu uingie melini ulirudi mara moja tu. Ulikuja na ile redio, umeifunga ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Ulikaa pale nje, Mayu anakuletea matobolwa ya viazi, na ukatusimulia habari za Ghuba, kwenye ile vita ya nchi mbili ambazo majina yao Mayu hakuweza kuyatamka. Ulisema wanapigana nchi kavu, lakini wakakuta meli ni rahisi zaidi. Kila siku meli. Leo ya mafuta, kesho ya ngano, keshokutwa ya mbao.

"Meli ya ngano imewakosea nini?" Mayu akauliza.

"Mayu, wale hawaulizi umebeba nini. Wanauliza unampelekea nani."

Ulisema giza likiingia mnazima taa zote na mnalala juu, sitahani, maboya mmevaa vifuani, kwa sababu wa chini akipigwa hatoki. Ulisema kuna mabomu yanaelea, meusi, yana pembe kama ndama anayeanza kuota pembe, na kila saa lazima mtu asimame mbele anayatafuta kwa macho. Halafu ukageuza maneno ili baba aelewe. Ukamwambia meli siku hizi zinakwenda kwa msafara, zimefuatana kama ng'ombe wanaoshuka lamboni, na manowari ziko pembeni kama wachungaji. Lakini fisi yule anawajua wachungaji. Anamngoja wa nyuma.

Baba akauliza, "Na ya kwenu iko wapi?"

Ukacheka. "Ya kwetu kuukuu, baba. Inakohoa. Iko nyuma."

Hakuna aliyecheka na wewe. Na mimi nilitazama bega lako, likapanda kidogo, kama unataka kugeuka, lakini ulikuwa umekaa.

Ulipoondoka ikabaki redio. Mimi nikawa mtu wa redio. Betri zikichoka naziweka juu ya bati zipigwe jua, jioni zinatoa tena sauti kidogo. Wazee wa mwalo walikuwa wanakuja kusikiliza taarifa ya habari, Mzee Maduhu mbele yao, maana yeye ndiye mkubwa wa mwalo na lazima akae karibu na chochote kinachoongea. Na kila siku yule mtangazaji anasoma kwa sauti ile ile. Meli ya mafuta yenye bendera ya Liberia imepigwa kombora na inaendelea kuwaka. Meli ya mizigo ya Ugiriki imegonga bomu. Boti ndogo ziendazo mbio zimeshambulia meli yenye bendera ya Panama. Halafu anasoma habari za mpira.

"Hawa watu, meli zao haziishi?" Mzee Maduhu anauliza.

"Zinaisha," anajibiwa. "Si ndio kazi wanayofanya?"

Wanacheka, wanagongana mabega. Baba hacheki. Anageuka kwangu. "Ni ya kwake?"

"Sijui, baba."

Kweli nilikuwa sijui. Jina la meli yenu ulitutajia, lakini ulisema limepakwa rangi juu ya jina jingine, na bendera imeshabadilishwa, na tajiri akitaka ataibadilisha tena. Kwa hiyo ninyi mngeweza kupigwa na sisi tukasikia na tusijue. Kila jioni baba anauliza, kila jioni nasema sijui. Mwanzoni nikisikia neno meli nilikuwa naweka tonge chini. Baadaye nikaacha kuliweka. Meli ikipigwa, nachukua tonge lingine. Nilizoea, kaka, kama mtu anavyozoea mbwa wa jirani kubweka.

Siku moja mtangazaji alisema meli ya mizigo, ya mwisho kwenye msafara, imepigwa upande wa nyuma, mabaharia wameokolewa isipokuwa wawili ambao hawajulikani walipo. Nakumbuka kwa sababu ya hilo neno, ya mwisho. Baba aliuliza, nikasema sijui. Tukala furu wa kukaanga.

Halafu akaja Salimu.

Wewe unamjua, yule mwenzako wa melini, wa Tanga, mwembamba, anayeongea kama anaimba. Aliteremka barabarani akaulizia kwa kina Malimi. Alikuwa na kovu jipya la moto mkononi. Akampa Mayu shikamoo, akavua viatu, akakaa chini kabisa, na kule kukaa chini tu baba akawa ameshaelewa. Alisema kilipigwa kile chumba cha mashine. Alisema wewe ulikuwa umeshatoka, uko juu, una boya kifuani, ukarudi chini kumfuata kijana mmoja wa mashine aliyekuwa anaita. Meli ikakaa kwa tako, ikaenda. Walizunguka na boti mpaka jua likazama.

Alisema yote kwa Kiswahili chake kizuri. Mayu akawa anamtazama mdomo. Salimu alipomaliza, Mayu akanigeukia mimi. Baba naye akanigeukia, maana baba alikuwa amesikia lakini hakutaka liwe la kutoka kwake. Kaka, siku hiyo ndiyo nilikuhitaji unijibie.

Nikamwambia Mayu kwa Kisukuma kwamba umezama.

Hakulia. Aliinuka, akatoa mkeka, akaenda nao mwaloni. Wewe unaelewa. Salimu hakuelewa. Alinishika mkono, "Mama anakwenda wapi?" Ikabidi nimweleze kwamba huku kwetu mtu aliyezama haliliwi. Ndugu wanakaa ufukweni na mkeka mpaka maji yamrudishe, ndipo wanalia, wanazika, wananyoa nywele. Na wakati huo mitumbwi yote inafungwa. Hakuna anayetupa nyavu juu ya mtu ambaye hajarudi. Anayeruhusiwa kuingia majini ni yule anayemtafuta.

Salimu alimfuata Mayu, akachuchumaa pembeni ya mkeka. "Mama yangu, ile ni bahari. Ni mbali mno. Maji ya kule hayana njia ya kuja huku ziwani."

Nikamtafsiria. Mayu akasema, "Mwulize, yeye alikuja kwa njia gani?"

Salimu akainuka, akajikung'uta mchanga. Kesho yake akapanda gari, akaondoka akilia, yeye peke yake.

Mwalo ukafungwa. Kwa ajili yako, kaka, uliyezama maji ya watu wengine. Mzee Maduhu mwenyewe aliwaambia vijana wafunge mitumbwi. Mwanzo walikubali kwa heshima. Dagaa walikuwa wengi mno siku hizo, tunawaona wanavyorukaruka, na hakuna anayewagusa. Watu wakala michembe, viazi vya kukausha. Halafu michembe ikapungua na maneno yakaanza, chini chini. Wanawake wa kukausha dagaa walikuwa wanapita karibu na mkeka, wanamsalimia Mayu, wanasimama kidogo, wanapita tena. Mwishowe Mzee Maduhu akaja.

"Mayu Malimi, tumekuja kukaa na wewe."

"Kaeni."

Akakaa. Akasafisha koo. "Watoto wanasema wana njaa. Nimewaambia watoto siku zote wana njaa."

"Wana njaa kweli," Mayu akasema. "Hata mimi nawasikia. Nirudishieni wangu, wa kwenu wale."

Baba alisema tuzike shina la mgomba, kama wengine wanavyofanya mtu asiporudi. Mayu akasema hakuzaa mgomba. Wakaleta shati lako. Akasema shati halikuzama, lilikuwa limetundikwa ndani. Baba akachoka. Akanitazama, akasema, "Basi wewe uliyekuwa unavuta naye, ingia ukamtafute."

Nikaingia. Nilijua hupo. Nilikuwa nimesikiliza redio kuliko mtu yeyote pale, nilijua Ghuba iko wapi na sisi tuko wapi. Nikaingia hivyo hivyo. Lakini mtumbwi wa watu wawili ukiwa na mtu mmoja nyuma unainua pua, unazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Nikashuka pale wanapofulia, nikatoa jiwe majini, kubwa, nikalibeba kwa tumbo, nikaliweka mahali pako. Pua ikashuka. Nikavuta.

Kila siku nilikwenda, kila siku nikarudi. Sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa natazama jiwe. Nilikuwa nangoja lipandishe bega. Nilijaribu kulia kule ndani, ambako hakuna wa kuniona, na hakikutoka kitu. Maji yakiingia nayakomba kwa kopo. Jua likishuka narudi. Watu wote wa mwalo wanasimama wanatazama mtumbwi unavyokuja, halafu wanakaa.

Siku moja Mayu aliinuka kwenye mkeka, akaja mpaka maji yakamfika magotini, akashika ukingo wa mtumbwi. Akatazama mbele.

"Hiki nini?"

"Jiwe, Mayu."

"La nini?"

"La uzito. Nisizunguke."

"Limekaa mahali pa nani?"

Nikalaza kasia ndani ya mtumbwi. Akangoja. Unamjua anavyongoja.

"Pa kaka," nikasema.

"Ulilitoa wapi?"

"Majini."

Akalipapasa. Lilikuwa na ute wa kijani upande mmoja, akaufuta kwa kanga, taratibu, kama anamfuta mtoto pua.  Halafu akageuka akamwita baba kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, na akaanza kulia, na mwalo wote ukalia. Baba na Mzee Maduhu wakaingia majini na viatu vyao. Walilitoa lile jiwe watu wawili, kila mmoja upande wake, hawakuruhusu liguse chini mpaka nyumbani.

Tumekuzika nyuma ya zizi, karibu na babu. Tumenyoa. Jioni ile ile Mzee Maduhu akafungua mtumbwi wake mwenyewe, na wengine wakafuata. Sasa Mayu anapika, anagombana na kuku, anaishi. Mkeka umerudi ndani.

Vita imeisha, kaka. Walitangaza. Tulikuwa mimi na baba tu kwenye redio, wazee hawaji tena. Mtangazaji alisoma kwa sauti ile ile kwamba meli zinapita, kisha akasoma habari za mpira. Baba akauliza wanasema nini. Nikasema zinapita. Akasema haya.

Juzi nilikwenda Bariadi kununua betri. Maduka yamejaa. Sabuni za rangi rangi, mafuta ya kupaka, sufuria zimepangana mpaka darini, redio kama yetu na kubwa zaidi. Watu wananunua, wanacheka. Nilishika sabuni moja nikawa naigeuza, najiuliza imekuja na meli gani, na nani alikuwa amelala sitahani, na kama ilikuwa ya mbele au ya nyuma. Muuza duka akasema, "Unanunua au unanusa?" Nikairudisha. Sikuhisi kitu. Watu wanasema itakuja yenyewe, hii ya kuhisi. Nangoja.

Mtumbwini navua peke yangu. Vijana wawili wameomba kukaa mbele, nikatikisa kichwa, wakajua ni hapana. Jiwe jingine sijaweka. Nimehamisha ubao wa kukalia, nakaa katikati. Hauinui pua, ila unakwenda polepole, na wenzangu wote wananipita. Mimi ndiye wa nyuma sasa, na huku hakuna anayeningoja zaidi ya kiboko.

Ukiwa umelala pale nyuma ya zizi, basi lala. Na ukiwa ungali kule kwenye maji ya chumvi, usihangaike kutafuta njia. Tulishakupokea.

Ni mimi, mdogo wako wa kasia la nyuma,
Bubu