Mkono Wako Ndani ya Boneti

Mama yangu mpendwa,

Naogopa. Nimeona nianze na hilo, maana hukupenda mtu azungukezunguke. Jana mkunga wa hapa Migori alinipapasa tumbo akasema mtoto amekaa vibaya, kama alivyokaa Akoth tumboni. Nisingoje uchungu uanze, niende hospitali ya Homa Bay mapema. Kesho asubuhi Chacha atanipeleka, kwa gari lile lile, Mama. Na mvua inanyesha.

Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa nikikulilia nakulilia kwa Kijaluo. Kiswahili ndicho kilichokuwa ndani ya gari siku ile, kwa sababu mkweo ni Mkuria na nyinyi wawili hamkuwa na lugha nyingine. Hata hiyo moja hamkuitumia. Tangu anioe hamkuwahi kuambiana neno moja kwa moja. Kwetu na kwao, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali, na nyinyi mliheshimiana mpaka nikachoka. Akiingia mlango wa mbele, wewe unatokea wa nyuma. Mkitaka kusalimiana, mimi ndiye tarishi. "Mwambie tumeamka vizuri," unasema, na yeye amesimama pale pale anasikia.

Siku ile alikuja Rangwe kunichukua. Uchungu ulinishika nikiwa kwako, kabla ya siku zake, na binti aliyeolewa hazalii nyumbani kwa mama yake. Uliponipapasa ukaacha kuongea. Sikuwa nimewahi kukuona umenyamaza, nikajua mambo yameharibika. Ukapanda gari la mkweo bila kungoja kukaribishwa, ukakaa nyuma nami, uso umeugeuzia dirishani.

Hatukuwa tumefika mbali moshi ukaanza kuingia. Gari lenyewe ni la dizeli, Chacha alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao baada ya uhuru, na tayari lilikuwa kuukuu, ekzosi, lile bomba la moshi, imetoboka. Chini ya dashibodi kuna kibati kinachofungua na kuziba hewa ya nje. Kikizibwa, moshi unabaki huko huko kwenye injini. Tuliporuka shimo pini yake ilichomoka, kibati kikabaki wazi, na moshi wote ukaja kwetu. Tulifungua madirisha. Mvua ikaingia, moshi haukutoka. Nilikohoa, na kila nikikohoa nilihisi kitu kinachanika ndani yangu. Nilijua kwamba mimi na mtoto tunakufa. Sikudhani, nilijua.

Chacha akasimamisha gari kwenye udongo mweusi. Injini hakuizima, betri ilikuwa imechoka na pale hapakuwa na watu wa kusukuma. Akalala chali sakafuni, kichwa chini ya dashibodi, pini mdomoni. Lakini kila akiinua kibati na kutafuta tundu la pini, kinamponyoka. Ilitakiwa mtu akishikilie kutoka upande wa pili, kupitia njia ya hewa ndani ya boneti, na njia ile ilikuwa nyembamba.

"Mwambie mama aingize mkono," akasema.

"Mwambie nimesikia," ukasema, tayari uko kwenye mvua.

Mimi nimelala kiti cha nyuma, mlango wazi, naangalia ncha ya leso yako ikipepea karibu na feni inayozunguka. Nikakupigia kelele uivue. Uliitupa kwenye matope.

"Mwambie ainue hiyo kitu kidogo."

"Mama, inua kidogo!"

"Mwambie hii kitu ni moto!"

"Anasema ni moto!"

"Mwambie avumilie, tundu nimeona."

Ndipo uchungu mkubwa ukanibana, sauti ikakatika. Mdomo uko wazi na hakitoki kitu. Chacha anangoja niseme, wewe unangoja niseme, feni inazunguka kando ya kiwiko chako. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Nilifikiri mtaendelea kuheshimiana mpaka nife.

"Chacha!" uliita. Jina lake, ambalo hukuwahi kulitamka. "Chacha, nimeshika! Weka!"

"Sukuma kwangu, mama. Hapo hapo. Usiachilie."

"Siachilii, mwanangu. Weka haraka, mtoto wangu anakufa."

Pini ikaingia. Aliniambia baadaye kwamba vidole vyenu viligusana nyuma ya kile kibati.

Tulifika Homa Bay. Akoth alizaliwa miguu ikitangulia, amekasirika, tukampa jina la mvua. Nilipotolewa nje nikakutafuta kwa macho, ukawa uko mwisho huu wa veranda na Chacha mwisho ule, mmepeana migongo. "Mwambie mtoto amefanana naye," ukasema. Nilicheka mpaka nesi akanikaripia. Mkono wako ulikuwa umefungwa bendeji, na kovu lile ulizikwa nalo.

Sasa kibati kimeanza kugongagonga tena. Leo mchana Chacha alilala chali pale pale, nami nikasimama mbele ya boneti nikaingiza mkono kama ulivyofanya. Tumbo lilinizuia, vidole havikufika. Amekifunga kwa waya kutoka chini, anasema kitashika. Namwamini kidogo.

Lakini siogopi kibati kama ninavyoogopa sauti kukatika. Ilipokatika siku ile, uliita wewe. Kesho Akoth atabaki kwa jirani. Ndani ya gari tutakuwa wawili tu, na mwenzangu macho yake yatakuwa barabarani. Nitakufa nyuma yake na yeye anabadilisha gia. Nacheka nikiandika hivyo.

Nikamuuliza, "Nikishindwa kuongea, utafanya nini?"

Alifuta mikono kwa kitambaa. Jambo la siku ile hajawahi kulitaja mbele ya watu, hata siku tuliyokuzika, alipokaa kule nyuma kabisa na wakwe wengine.

"Nitamwita mama," akasema.

Basi, Mama, akiita, usiniulize amesema nini. Mjibu mwenyewe.

Ni mimi binti yako, tarishi wenu,
Mama Akoth