Gari ya Mamako Sasa Inanyonya

Kwako Mwadime, mtoto wa dadangu, huko Nairobi unakopanda nyumba kwa lifti,

Salamu sikupi, maana simu zangu hushiki, na salamu si maji machafu nimwage barabarani. Nakuandikia mbele za watu, Voi nzima isome, kwa sababu wewe pia ulitangaza mbele za watu, kwenye grupu ya familia: "Gari ya Mama imekufa kompyuta. Nimepata mtu wa vyuma chakavu, atakuja kuichukua." Imekufa! Tangu lini umekuwa daktari wa kutangaza vifo? Ulishika mshipa ukiwa Nairobi?

Unaikumbuka siku ilipotuzimikia kabla ya Maktau? Mimi naikumbuka. Mamako, Mungu amlaze pema, alikuwa ametoka kupakia ndizi Mboghoni, gari imejaa mpaka kioo cha nyuma hakionekani. Wewe ulikuwa umetoka chuo juzi tu, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Injini ikanyamaza bila hata kukohoa. Gari yenye adabu hukohoa kwanza. Nikafungua boneti, ukanishika mkono.

"Anko, usiguse! Hii ni injekisheni. Lazima ipigwe skani."

Nikakuuliza, "Skani utaipiga na nini, na huu mgunga?"

Mamako alicheka mpaka leso ikamtoka kichwani.

Ndipo ndovu akatokea upande wa mbuga. Wako watu husema alikuwa ndovu wa kawaida. Watu hao hawakuwepo. Ndovu yule alikuwa na masikio kama milango ya godauni, na harufu ya ndizi alikuwa ameifuata tangu Tanzania. Wewe ulirudi ndani ukafunga mkanda. Mkanda, Mwadime, kwenye gari isiyotembea! Mimi nilisimama naye uso kwa uso, nikamtupia mkungu mmoja, nikamwambia kwa Kidawida ale aende zake, maana ndovu wa huku hawajasoma Kizungu. Akala, akaenda. Ndovu nilimweza. Gari hakuna aliyeiweza. Tulivutwa kwa kamba na lori la mkonge hadi Mwatate, na njiani mamako akasema neno ambalo hukulisikia, ulikuwa unatafuta netiwaki: "Kaka, gari isiyosikia hata kofi ni ya nini?"

Baada ya hapo ni wewe uliyemtuma kwa wale vijana wako wa mashine. Wanachomeka waya chini ya usukani, wanasoma, wanatikisa kichwa: sensa. Inabadilishwa sensa. Inazima tena. Wanasoma tena: sensa nyingine. Nikamwambia dada, hiyo injekisheni maana yake ni sindano, na wewe mwenyewe umeona. Gari inayodungwa sindano kila ikipumua ni mgonjwa. Gari nzima hunyonya petroli yake yenyewe, kama mtoto kifuani. Akasema, "Basi nifanyie hiyo ya kunyonya." Hakuiona. Tulimzika kwanza.

Gari ikabaki uani kwangu, kuku wanataga kwenye buti. Dadako Wakesho akabaki na kibanda cha mamako sokoni, bila njia ya kukijaza. Akaomba nafasi kwenye malori ya watu. Lori likichelewa, ndizi zinafika Voi zimeivia njiani, nyeusi, laini, na wateja wa mamako, wale waliomzoea miaka yote, wanaangalia, wanapita. Kibanda kilikuwa kinakufa. Hilo ulilijua, alikwambia akilia. Ukamtafutia mtu wa vyuma!

Sasa sikiliza nilichofanya, na usome polepole. Nilitafuta injini ambayo ni ndugu ya hiyo, ile ya zamani kabla kompyuta hazijaingia magarini, nikaipata kwenye pikapu iliyolala Taveta. Nikatoa kabureta yake, ndiyo hiyo ya kunyonya, na manifoldi inayokaliwa na kabureta. Nikatoa na distribyuta, kwa sababu kwenye gari ya mamako hata cheche ilikuwa inangoja ruhusa ya kompyuta. Kwenye gari ya mamako nikang'oa sindano zote nikazipanga mezani kama meno ya mzee, nikafunga hivyo vya Taveta. Waya nilizotoa zingefunga mbuzi wote wa Njukini. Kompyuta yenyewe sasa inashikilia mguu wa kitanda changu, na kwa mara ya kwanza inafanya kazi bila kuzima.

Ulituma neno moja kupitia Wakesho: "Mwambie pampu ya ndani ya tangi ina nguvu sana, itafurikisha kabureta." Sikuwa nimekuuliza. Niliwasha hivyo hivyo, petroli ikaruka kama maji ya chemchemi ya Mzima, kuku wakahamia kwa jirani. Nikatoa hiyo pampu nikaweka ndogo, inayosukuma taratibu. Haya, ulisema kweli. Kuku naye akichakura mwaka mzima hupata punje.

Nikawasha tena. Mwadime, iliunguruma mpaka mbwa wa Mwatate wakaitikia! Wakesho aliinamisha sikio juu ya injini, mkono kiunoni kama mamako, akaniambia, "Bado inakwamakwama, mjomba. Geuza kidogo. Kidogo tena. Hapo!" Nikampa bisibisi, nikamfundisha kila skrubu. Siku hizi ikimletea nyodo njiani anafungua boneti, anaikemea, anageuza, anaendelea. Ndiyo, inakunywa petroli zaidi. Mfanyakazi hula. Wewe unakula na hatujaona ulichobeba.

Mtu wako wa vyuma alikuja juzi na lori na mnyororo.

"Mzee, gari iliyokufa iko wapi?"

Nikamwambia, "Iko Mboghoni, inapakia ndizi."

"Lakini mwenyewe ameniambia haitembei."

"Asiyetembea ni huyo mwenyewe. Huku kwao hatujamwona tangu matanga."

Hakuamini, akanifuata sokoni, akakaa. Jioni Wakesho akaingia na gari imelala nyuma kwa uzito, ndizi mbichi, ngumu, kijani kabisa. Akashusha mkungu wa kwanza akamwekea yule bwana mikononi. Akaubeba mpaka kibandani, akarudi kwa mwingine bila kuambiwa. Alipomaliza alinunua chana moja, akaenda na mnyororo wake.

Kwa hivyo kama bado unataka kuiuza, usinisumbue mimi. Mpigie dadako, mwambie ashushe mikungu ampe mtu ufunguo. Ila umpigie akiwa amesimama. Akiwa barabarani hakusikii, injini ina sauti.

Kaa na lifti yako.

Ni mimi, kaka wa mamako,
Voi