Meza ya Baba Yako na Jikoni ya Gari

Roselyne Nakhungu,
Tuwan,
S.L.P. 614,
Kitale.

19 Oktoba 2003.

Mpendwa mwanangu Wakoli,

Pokea salamu za mama yako, nyingi kama mahindi ya msimu huu. Hujambo papa, mtoto wangu? Na mgongo je, ule ulisema unauma ukibeba mawe ya jikoni za watu huko Canada? Baridi imeshafika? Ile sweta nilikufumia ivae ndani ya koti. Usione haya, nani anakujua huko? Sisi huku ni wazima, Mungu anatushika, ila presha yangu inapanda na kushuka, na leo nitakuambia ni nini inaipandisha.

Ni gari. Ile gari ya kulala tuliachiwa na yule Mzungu daktari wa ng'ombe niliyekuwa nampikia, aliporudi kwao. Unajua ina kitanda, sinki na jiko la gesi. Mimi na dada yako Ivy tulipanga tuwe tunaipeleka sokoni, Cheptais na Suam, tupikie wenye malori wanaongoja mpakani. Injini ni nzuri. Ivy ameshapata leseni. Kitu kimetushinda ni meza ya jikoni, pale pa kukatia mboga na kuwekea sufuria. Mtu mzima nalia kwa sababu ya ubao!

Watu wananicheka, ati meza ni meza tu. Hawajui. Meza ya nyumba imesimama mahali pamoja. Hii yetu inaruka mashimo kutoka hapa mpaka Suam, inamwagikiwa maji, inakatiwa nyama, halafu inabebeshwa sufuria ya moto. Ile ya kwanza ya Mzungu ilikuwa ya vumbi ya mbao iliyogandishwa na gundi. Ikanywa maji ikafura kama mandazi.

Kiptum, yule fundi wa hapa Tuwan, akaing'oa. Akaweka plaiwudi na juu yake formica nyeupe, ile karatasi ngumu ya plastiki, nzuri mpaka naogopa kuigusa. Siku ya kwanza nikasonga ugali ya wimbi. Si unajua ile yetu haisongwi na mkono mmoja. Nikaipua sufuria nikaikalisha pale nipate kuisonga kwa nguvu. Formica ikalia tsss, ikatoka malengelenge kama ngozi ya mtu. Kiptum ananiuliza, "Mama, si ungetandika kitambaa chini?" Nikamwambia, kijana, kitambaa ndicho nimeshikia sufuria, kingine nishike na meno? Akacheka sana. Mimi sikucheka.

Halafu wewe nawe ukaandika, mama weka jiwe. Ukatuma vile vipande vya mfano, vya rangi rangi. Asante, Ivy anawekea vikombe vya chai. Lakini papa, ulifikiria hilo jiwe nitalitoa wapi? Hapa kwetu wenye mawe ya kung'arishwa ni watu wa makaburi! Nilienda kwao, kwa sababu wewe ndiye umesomea hiyo kazi, nikasema mtoto wangu hawezi kunipoteza. Wakanipa moja walikosea maandishi. Kiptum akaligeuza maandishi yakaangalia chini, akalifunga.

Gari ikachuchumaa upande mmoja kama kuku anataka kutaga. Tukaenda nayo hivyo hivyo Suam, kujaribu. Jiwe lilikuwa limetokeza kidogo pale dirishani pa kupakulia, na dereva mmoja wa lori akainama kufunga kamba ya kiatu. Akainuka polepole. "Mama, na tunakula juu ya nani hapa?" Wakacheka wote, halafu mmoja mmoja wakarudisha sahani. Wengine hawakumaliza hata nyama. Na tukirudi, kabla ya Endebess, shimo moja tu na jiwe likapasuka katikati, kipande kikaangukia mguu wa Ivy. Alichechemea mpaka mguu ulipopoa. Kwa hivyo tafadhali usiniandikie tena habari ya mawe.

Baada ya hapo Kiptum akafunika na bati la aluminiamu. Likang'aa kama kioo, nikasema Bwana asifiwe, tumefika. Nikalaza juu yake chungu changu cha munyu, ule nachuja mwenyewe na majivu ya maganda ya maharagwe, wa kulainisha mboga ya mrenda. Chungu kilikuwa na ufa kumbe. Asubuhi bati ni jeusi, lina vishimo, kama limeng'atwa na panya. Ivy ananiambia, "Mama, wachana na munyu." Niwachane na munyu! Watu watoke Cheptais waje kula mrenda usio na munyu kwangu, si wakae kwao?

Kuna hii ya chuma kisichoshika kutu, kama ya hoteli kubwa. Fundi wake yuko Eldoret. Alikuja akapima, akanywa chai, akaenda. Mpaka leo.

Bwana afya naye ni mtu mzuri, simlaumu. Alikula kwangu akasifu. Lakini akapitisha kidole kwa yale mashimo ya bati akaniambia, "Mama Wakoli, chakula ni kitamu, lakini meza hii siwezi kuipitisha." Anataka isiyobanduka, isiyo na ufa, isiyoliwa na kitu. Bila ruhusa yake hatufungui dirisha.

Sasa sikia kile kinaninyima usingizi, si meza. Ni Ivy. Juzi akiosha vyombo, bila kuniangalia, akasema kama gari haitatembea kufikia Krismasi, yeye anaenda Dubai na rafiki yake. Ati huko kuna kazi ya hoteli. Nikachukua kitambaa nikapangusa vyombo. Wewe nilikuruhusu. Yeye nikimkataza atasema nampenda wewe zaidi. Lakini Wakoli, huyu akienda pia, nani ataniambia "mama, umekunywa dawa?"

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani Bungoma kuangalia shamba. Nikafungua nyumba. Nikaiona meza ya baba yako, ile ya mvule tulikuwa tunakaa wote, yeye pale kichwani karibu na mlango. Baba yako mdogo Khaemba ameijaza magunia, na chini yake kuku anaatamia. Nikatoa magunia nikaifuta. Hakuna ufa, hakuna mdudu. Unakumbuka ile siku ulipita mtihani, baba yako akatoka jikoni na sufuria ya kuku ya moto akiimba, akaitua juu ya meza bila kitu chini, mimi nikapiga kelele? Ile alama ya mviringo bado iko. Meza imeungua ngozi tu, ndani ni ile ile. Nikakaa pale nikaweka mkono juu yake. Nikasema, nyinginezo zote zimeshindwa, hii ilishapita mtihani pamoja na wewe.

Nikamuuliza bwana afya. Akasema mvule kama huo, ukiwa hauna ufa, ukipakwa mafuta na kusuguliwa vizuri, ataupitisha. Kiptum naye amepima kwa kamba niliyoipimia meza, amesema unaingia kwa gari na hautalemea upande.

Lakini Khaemba amekataa. "Shemeji, meza ya ndugu yangu haipigwi msumeno." Nikamuuliza, na hawa kuku wako, nani aliwaruhusu? Akasema, "Kuku hawana msumeno." Ungekuwa hapa ungecheka, mimi nilipandwa na hasira. Ila ana neno moja la haki. Amesema kitu cha marehemu hakikatwi bila neno la mtoto wake wa kwanza, na huyo mtoto yuko hai. Hapo amesema kweli, ndiyo desturi yetu. Mimi ni mke tu, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwa hivyo nakuomba, usinitumie ushauri. Nitumie neno. Useme ikatwe, au useme iachwe. Usiogope kunikataza. Ukisema iachwe nitairudishia magunia yake na nitaelewa, wewe pia ulikaa pale. Lakini ujue inakaa gizani sasa, na haina mtu. Usijibu kwa barua, itafika Krismasi imepita. Piga simu ile ya ofisi ya kanisa Jumapili ya mwisho ya Novemba baada ya ibada, umwambie Khaemba mwenyewe kwa mdomo wako. Nitahakikisha amekuja. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu kwa simu ningelia, na pale kila mtu anasikiza.

Kipande kitakachobaki, Kiptum anasema kinatosha meza ndogo ya watu wawili, mimi na Ivy. Nimemwambia aweke upande mmoja wa kukunjua, unaoinuliwa mtu wa tatu akija.

Ivy anakusalimu, amesema umtumie picha ya theluji. Kiptum anakusalimu na anauliza huko mnatumia msumeno gani. Khaemba pia, ingawa amenikasirikia, amesema nikuambie hajambo na kuku wake wameangua. Nami namsalimu yeyote anayekaa na wewe na kukuona unakula.

Mungu aliyekuvusha maji yale yote akulinde mgongo na roho, akurudishe kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira,

Roselyne Nakhungu.

Nimesahau: ukikubali ikatwe, Kiptum nimeshamwonya. Pale kwenye alama ya sufuria hapapigwi randa.