Barua ya Mfukoni mwa Suruali ya Kijivu

MAELEZO YA SHAHIDI: KUHARIBIWA KWA DARI, CHUMBA NAMBA 6

Shahidi: mwanamke, miaka 46, mjane, fundi cherehani. Anaishi na kufanyia kazi chumba namba 5, nyumba hiyo hiyo.

Nimepanga hapo miaka tisa. Mwenye nyumba namfahamu vizuri, naye ni mgane, na nguo zake zote nashona mimi. Alikuwa akija anakaa kwenye stuli yangu mpaka chai inapoa, ananiita "fundi wangu". Hakuna zaidi kilichotokea, lakini nilikuwa na matumaini. Afande amesema nieleze kila kitu, ndiyo maana nalisema.

Jirani wa chumba namba 6 tunamwita Mama Pacha. Mwezi wa pili bomba la choo cha juu lilianza kuvuja kwake kupitia dari. Aliniambia, "Dada, tuandike barua wawili, hatatupuuza. Nakala mbili, na asaini zote." Nikamjibu, "Kwangu hakuvuji, shoga. Usiniingize." Ukweli ni kwamba sikutaka kumuudhi mwenye nyumba.

Mnamo tarehe 4 Machi, saa nne asubuhi, nilimwona mwenye nyumba akiingia namba 6. Alikaa dakika kumi na mbili. Alirudi tarehe 9 na tarehe 15. Tarehe hizo niliziandika kwenye daftari la vipimo, chini ya kiuno cha bibi harusi mmoja. Mara zote tatu alipita mlangoni kwangu bila hata salamu. Roho iliniuma. Mama Pacha ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano, na umbo lake nalijua, nimempima mwenyewe. Nasema wazi nilimwonea wivu, tena wivu wa kukosa hamu ya kula.

Tarehe 15 jioni mwenye nyumba alimtuma mlinzi aniletee suruali ya kijivu nipunguze urefu. Pindo zilikuwa zimelowa maji machafu. Mfukoni nikakuta karatasi imekunjwa mara nne, mwandiko wa Mama Pacha. Nilijua ni barua ya mapenzi, nikaifungua nipate cha kumsuta.

Ilisema dari imeoza, maji ya choo yanadondokea kitandani kwa watoto, bomba litengenezwe ndani ya siku kumi. Chini mwenye nyumba ameandika "Nimepokea", tarehe 15, na sahihi yake. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Watoto sikuwafikiria hata kidogo. Barua sikuirudisha, maana angejua nimeisoma.

Tarehe 17 alifuata suruali. Akakaa kwenye stuli, mara ya kwanza tangu mwezi uanze, akauliza kama nimeona karatasi mfukoni. Nikasema sijaona. Akaniita fundi wangu.

Jana, tarehe 30, saa tatu asubuhi, dari yote ilianguka. Watoto walikuwa shuleni. Mwenye nyumba alikuja na askari, akasema mbele yetu, "Amebomoa mwenyewe apate kisingizio cha kuhama bila kulipa. Mimi humu sijawahi kuingia, wala hajaniambia kitu." Nakala ya Mama Pacha ilikuwa kabatini, imelowa, haisomeki. Mama Pacha aliniangalia. Mimi nilirudi kwangu nikainamia cherehani. Wakamchukua.

Watoto wako kwangu. Leo asubuhi mmoja ameniuliza, "Mama mkubwa, mama alivunja nini?" Nimewapeleka shule. Nimefunga mlango nikaja na barua.

Niliyokuwa nayo nimeyatoa yote. Nimesomewa, ndivyo nilivyosema.

Sahihi ya shahidi: imewekwa.

Maelezo ya askari mpokeaji: Nimepokea barua moja na daftari moja la vipimo. Kabla ya kusaini, shahidi aliomba habari za wivu zifutwe, Mama Pacha asizisome. Nilimweleza kuwa hazifutiki, kwa sababu ndizo zinazoonyesha barua ilimfikiaje. Akasema, "Basi ziache," akasaini.